Asterisk: Moro wananisikia, mimi siwasikii

waya_mbili: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekesha siku ya tatu sasa. Nimefunga Asterisk, ile programu ya kuendesha simu za ofisi, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi hapa Dar, simu nane za mezani zinapigiana freshi kabisa, shida ni tawi la Moro, wale wanaingia kwa intaneti na Linphone, app ya kupigia simu, simu inaita, wanapokea, wananisikia vizuri ila mimi huku kimya, naongea peke yangu kama chizi. Poti 5060 nimeshafungua kwenye ruta.

kijana_wa_seva: Weka nat=yes kwenye sip.conf, faili la mipangilio la Asterisk, mkuu, kwangu ilimaliza kazi

babu_ekstensheni: Hiyo ya sip.conf ni ya zamani kijana, toleo la 21 wameshaitoa kabisa, siku hizi ni pjsip.conf. Mleta mada, 5060 ni ya kupatana tu, nani anampigia nani. Sauti inapita njia nyingine, RTP, angalia rtp.conf yako, kwa kawaida ni UDP 10000 mpaka 20000, hizo umezielekeza kwenye seva? Halafu seva yako inawaambia Moro "nitumieni sauti 192.168 nanihii", anwani ya ndani ya ofisi yako, wao wataipatia wapi? Kwenye pjsip.conf, sehemu ya transport, weka external_media_address na external_signaling_address ziwe IP ya nje, local_net iwe mtandao wa ofisi, kwenye endpoint, yaani sehemu ya kila simu, direct_media=no. Kama ruta ina SIP ALG, kile kipengele kinachochezea ujumbe wa simu zinazopita, izime, ile kitu inaharibu kuliko inavyosaidia.

mama_laini: Kabla hujafungua mapoti yote hayo jamani, kuna ofisi niliitwa, ekstensheni 100 paswedi 100, wezi wakaingia usiku wakapiga nje ya nchi mpaka asubuhi, bili ilikuja bosi akakaa chini. Mimi ningewapa Moro WireGuard, ile VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, 5060 naifunga kwa nje, ila mtandao wa VPN nao uingize kwenye local_net.

waya_mbili: Nimeweka kama alivyosema babu, nikarelodi, bado kimya, kidogo nilie

babu_ekstensheni: Transport haibadiliki kwa kurelodi. Zima Asterisk yenyewe uwashe.

waya_mbili: Daaah. Nawasikia hadi jogoo wao. WireGuard kesho, leo nalala