Cheti cha fundi friji kiwe na mwisho wa matumizi?

GejiBuluu: Cheti cha ufundi wa friji na viyoyozi hutolewa mara moja, mwenyewe akazeeka nacho. Hoja yangu: kiishe kila miaka 5, na anayekihuisha apimwe upya kwa vitendo. Aliyesomea gesi ya kupozea ya R-12 aliikuta R-134a kazini, na leo friji nyingi za nyumbani zinakuja na R-600a, gesi inayowaka. Mazoea ya kufungua bomba la kujazia kwa moto yanaua hapa. Ikifika asilimia 1.8 tu hewani inashika cheche, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni.

Kapilari: Ndugu, misingi haijazeeka. Vipuri vya msingi, yaani kompresa, kondensa na kapilari, ni vilevile. Anayejua kusoma jedwali la shinikizo na joto atasoma la gesi yoyote. Mtihani utamtoza ada mwenye cheti, na aliyejifunzia mtaani bila cheti hataguswa.

Mizani_Gramu: Kapilari, kwenye jedwali ndiko kuna mtego. R-600a inachemka nyuzi joto −11.7. Friza ikifika −20, upande wa kunyonya (unaorudisha gesi kwenye kompresa) uko chini ya shinikizo la hewa ya kawaida. Mwenye mkono wa R-134a akiona mshale wa geji umezama chini ya sifuri anasema gesi imepungua, anaongeza. Friji ya gramu 50 inabebeshwa 90, bomba la kurudi kwenye kompresa linaganda, umeme unaliwa bure. Gesi hii hujazwa kwa mizani inayosoma gramu moja moja, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Kwa friji za ukubwa mmoja, ni kama nusu ya R-134a au pungufu.

Tundu nalo likiwa upande huo wa kunyonya halitoi gesi friji inapofanya kazi, linavuta hewa na unyevu ndani. Sabuni haitatoa povu. Zima, toa gesi nje penye upepo na mbali na moto, pitisha naitrojeni kavu, kisha iache ndani kwa shinikizo ndipo upake sabuni. Bomba likatwe kwa kikata bomba. Ukichomelea, weka draya (kichujio cha unyevu) mpya, vuta vakyumu, yaani toa hewa yote kwa pampu, pima, jaza. Ukiruka naitrojeni, unachomelea bomba lenye mafuta na mabaki ya gesi.

Kapilari: Nakubali, ila hayo yanafundishika kwa siku mbili. Anayefukuza hewa kwa kupuliza gesi ileile badala ya pampu mara nyingi anajua kuwa anakosea. Hana pampu! Mtihani hautampa.

GejiBuluu: Pampu bila elimu mpya nayo haitoshi. Chukua viyoyozi: kwenye nyuzi 30, mtungi wa R-22, gesi ya zamani, unasoma shinikizo la psi 158 hivi, wa R-410A 258. Mipira ya geji ya zamani haikutengenezewa mzigo huo. R-410A ni mchanganyiko, kwa hiyo hutolewa mtungini ikiwa kimiminika, taratibu. Oili yake inafyonza unyevu hewani: ukiacha mfumo wazi mchana kutwa, asidi inakula nyaya za kompresa, na mteja anaambiwa kompresa ilikuwa feki. Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa, yanazipunguza gesi za kundi hili (HFC) kwa kuwa zinapasha dunia joto, kwa hiyo R-32 na R-290 zinaingia, na zote zinawaka. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2024, unawataka wenye vyeti wanoe ujuzi au wapimwe angalau kila miaka 7, mara ya kwanza kabla ya 12 Machi 2029.

Kapilari: Basi usiwe mtihani wa karatasi. Mpe fundi friji ya R-600a iliyotoboka, vifaa vyote mezani, muda wa saa tatu. Na aliyejifunzia mtaani aingie kwenye chumba hichohicho. VETA, mamlaka ya ufundi stadi Tanzania, tayari inapima mafundi wa namna hiyo kupitia urasimishaji wa ujuzi. Ada ya cheti kipya ikishazidi bei ya pampu, mimi nitabaki upande wa pampu.