Ndoto hubeba ujumbe, au ni kelele za ubongo uliolala?

Mwanagenzi: Waheshimiwa, juma zima nimeota nimeketi kwenye mtihani wa hesabu ambao niliufaulu zaidi ya miaka 20 iliyopita, na kila nikiamka jasho linanitoka. Freud, yule daktari wa mambo ya nafsi, katika kitabu chake kilichochapishwa kwa tarehe ya mwaka 1900, alidai kwamba ndoto ni matamanio yaliyofichwa. Sasa ni nani anayetamani mtihani wa hesabu? Je, ndoto zina maana?

Kisiki: Hazina. Mwaka 1977 watafiti wa ubongo Hobson na McCarley walieleza kwamba wakati wa usingizi shina la ubongo hurusha mishtuko ovyo, na sehemu za juu zikajitahidi kuifuma mpaka ifanane na hadithi. Mwanagenzi anatafuta barua pasipo na mwandishi. Mimi sioti kabisa, nadhani kwa sababu akili yangu imetulia.

Bi Shubiri: Nilikuwa nasoma kwa makini mpaka nilipofika kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Kwa hiyo sisi tunaoota tumevurugikiwa? Bwana Kisiki, huoti, au unasahau? Mwaka 1953 watafiti wa usingizi Aserinsky na Kleitman, kule Chicago, walitangaza kugundua usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, na tangu hapo wengi walioapa kwamba hawaoti wameamshwa katikati yake wakakutwa na ndoto mbichi.

Kisiki: Ndoto ambayo mwenyewe haikumbuki ina tofauti gani na ndoto ambayo haikuwapo? Unanidai deni lisilo na hati wala shahidi.

Mpiga Mbizi: Mnagombana bure. Mwanasayansi Otto Loewi aliota jaribio la mioyo ya vyura, akaliandika gizani, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Ndoto ilipomrudia usiku uliofuata hakungoja kuche, akaenda maabara moja kwa moja, na mwaka 1936 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Kelele gani hizo zinazojua njia ya maabara?

Kisiki: Loewi alikuwa amelibeba swali hilo kwa miaka mingi. Mbona hatujasikia mshona viatu aliyeota mioyo ya vyura?

Bi Shubiri: Umejifunga mwenyewe! Ikiwa kila mmoja huota yale anayoyabeba, basi ndoto inamhusu mwotaji, na hiyo ndiyo maana tunayoisema. Hakuna aliyedai hapa kwamba inatabiri kesho. Tena, mtafiti wa ubongo Mark Solms alieleza habari za wagonjwa walioumia sehemu fulani za mbele za ubongo, wakaacha kuota ilhali usingizi wao wa macho kuchezacheza uliendelea kama kawaida. Shina lilirusha mishtuko yake, hadithi haikuja. Wewe unayejisifu kwamba huoti, umewahi kupimwa?

Kisiki: Hayo ni matusi, na yanatoka kwa mtu aliyelalamika kwamba ametukanwa. Nilisema akili yangu imetulia. Sikusema yako imechafuka.

Bi Shubiri: Ulisema “kwa sababu.” Rudia kusoma.

Mpiga Mbizi: Hata walio vipofu tangu kuzaliwa huota, wakasikia sauti na kugusa vitu, kwa kawaida pasipo picha. Nalisema kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mwanagenzi: Swali langu lilihusu mtihani. Jana nimeuota tena, na safari hii msimamizi alikuwa Bwana Kisiki, akiniambia kwamba karatasi yangu ni kelele tupu.