MREJESHO: Hoja ya mtaro wa sokoni kufika baraza la madiwani

Niliuliza hapa kwa nini hoja yetu ya mtaro ulioziba haijadiliwi kwenye baraza la halmashauri ya mji. Asanteni, tatizo limepatikana: barua ilipelekwa moja kwa moja kwa mkurugenzi, ikaishia masjala.

Safari hii imeanzia mkutano wa mtaa. Muhtasari ukasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, mahudhurio yakaambatishwa (bila hayo kata huurudisha), kisha ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kutoka hapo ni Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri, ndipo baraza.

Kilichosaidia zaidi ni vipimo. "Tunaomba mtaro" haina uzito. Tuliandika: mita 140, upana sentimita 60, kalavati mbili, moja imejaa mchanga kwa sababu mdomo wake uko chini kuliko sakafu ya mtaro. Mhandisi akakadiria gharama kwa hayo.

Baraza limekubali, ila fedha ni za bajeti inayoanza Julai 1. Usafishaji wa kalavati haukusubiri, umeshafanyika. Hoja ya ujenzi ipelekeni mapema, kabla rasimu ya bajeti haijafungwa.