Mafundi, acheni kung'oa pistoni za breki kwa plaizi! Mmeniharibia 504 ya marehemu baba

Wakuu, mnivumilie, leo naandika kwa hasira.

Gari ni Peugeot 504 ya 1977, ameniachia marehemu baba. Ilikaa juu ya mawe miaka minne hapa Tanga, na chumvi ya bahari mnaijua. Nilipoiwasha tena, tairi la mbele kulia likawa linakamata: ukiachia pedeli breki haiachii, rimu inaunguza mkono. Nikaipeleka gereji. "Kazi ndogo hiyo, bosi."

Kazi ndogo! Jana nimefungua kaliperi mwenyewe (kile chuma chenye pistoni inayosukuma pedi za breki), pistoni ina alama za meno ya plaizi mzunguko mzima. Ukipitisha kucha, inakwama. Hiyo itapita vipi kwenye sili, ile raba inayoizunguka, bila kuikwangua? Na ndani wamepaka grisi ya bearingi! Grisi hiyo inavimbisha raba ya breki, na raba hiyo hiyo ndiyo inayoirudisha pistoni ukiachia pedeli. Hakuna springi mle. Ikivimba, pistoni inaganda upya.

Wiki tatu baada ya kulipa, nashuka kutoka Lushoto kuja Mombo, mke na watoto ndani, harufu ya kuungua ikajaa gari, mara pedeli ikazama mpaka chini. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Hata kuyabadilisha hawakuyabadilisha, na mafuta ya zamani yameshanyonya maji, yanachemka mapema. Tumesimama kwa gia namba moja na hendibreki. Mwanangu mdogo bado anauliza kama tutapanda tena lile gari.

Kwanza ilitakiwa kufungua nipo tu, kile kiskurubu cha kutolea upepo kwenye kaliperi. Tairi likiachia hapo, mbovu ni hozi (mpira unaopitisha mafuta ya breki) iliyoziba kwa ndani, pistoni haina kosa. Dakika mbili! Kama ni pistoni kweli, iache kaliperi kwenye hozi yake, toa pedi, weka kipande cha mbao, kanyaga pedeli taratibu. Presha ya pedeli inaizidi ya kompresa mbali sana, na pistoni haikurukii usoni kama inavyofanya ukitumia upepo. Upande wa kushoto nimeutoa hivyo hivyo jana jioni: ikalia "tok", ikatoka na kutu yake, nzima, haina mkwaruzo.

Nimerudi gereji kudai hela, naambiwa niuze chuma chakavu. Siuzi. Pistoni mpya wanalipa wao, na nitakaa mlangoni kwao mpaka walipe. Mwenye nayo pamoja na sili zake anicheki.