Tupeane uzoefu: uliyeunda PC ya mezani kwa kuchagua vipuri mwenyewe, ulianzia kipuri gani na kwa nini?

Mchora Ramani, Dodoma

Wakuu habari za muda huu. Kila siku mtu anauliza nina milioni moja na nusu nichukue PC gani, majibu yanayokuja ni majina ya vipuri tu, i5 hii, Ryzen ile, hakuna anayemuuliza unataka kuifanyia nini wala umeme wa kwako ukoje. Naomba humu tubadilike, kila aliyewahi kuunda PC kwa kununua kipuri kimoja kimoja aseme alikuwa na kazi gani, akaanzia wapi, na sasa anaionaje. Naanza mimi.

Nachora ramani za nyumba. Mchana ni AutoCAD, jioni namtengenezea mteja picha ya nyumba yake kwenye Blender aone rangi ya bati na vigae kabla hajamwaga hela ya msingi. Hizi kazi mbili zinakula vipuri tofauti kabisa. AutoCAD ya ramani za kawaida kwa sehemu kubwa inategemea koa moja ya prosesa (kiini kimoja cha kufanyia kazi) iwe na kasi, ukiipa koa kumi na sita nyingi zinakaa bure. Blender ukirenda, yaani ukitoa picha ya mwisho, kwa kadi ya grafiki inataka mchoro wote uingie kwenye memori ya kadi, nyasi, miti, makochi, vyote, usipoingia kazi inaburuza au inagoma kabisa. Kwa hiyo nilianzia kwenye kadi. Nikachukua RTX 3060 ya GB 12 nikaiacha 3060 Ti ya GB 8 japo kwenye gemu Ti ndo inakimbia zaidi. Na uangalie boksi vizuri maana ipo pia 3060 ya GB 8, majina yanafanana.

Baada ya kadi ndo nikashuka kwenye prosesa, Ryzen 5 5600, koa sita, wati 65, na mazabodi ya B550. Soketi yake, yaani tundu la prosesa, ya AM4 ipo tangu 2016 kwa hiyo vipuri vyake ni vingi sana sokoni na RAM ni DDR4. AM5, soketi mpya zaidi, ni nzuri lakini inakulazimisha RAM ya DDR5, hela yangu isingefika. Kitu kimoja kwa wanaotaka mazabodi za B450 za bei chee, hizo zinakubali 5600 ila baada ya kuapdeti bayosi (programu ya kuwashia iliyomo kwenye mazabodi), ukiletewa iliyokaa stoo miaka inaweza isiwake kabisa mpaka utafute prosesa ya zamani uiwashe nayo kwanza. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Pawa saplai nikaweka wati 550 kama NVIDIA wenyewe wanavyopendekeza kwa kadi hiyo. Haya karibuni, nataka hasa kusikia mafundi na watu wa video.

Fundi Mkongwe, Mwanza

Mkuu umeitaja pawa saplai mwishoni kabisa na kwa mstari mmoja, mimi ndo naanzia hapo. PC ninazoletewa zimekufa ghafla nyingi nazikuta na saplai ya bei ya chini iliyokuja imefungwa ndani ya kesi. Watu wanasoma 500W kwenye stika wanaridhika. Geuza stika usome ule mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki karibu zote zinakula kwenye volti 12. Juzi nimefungua moja imeandikwa wati 500, mstari wa volti 12 unasema ampea 16. Zidisha, 12 mara 16 ni wati 192. Ndo nguvu halisi uliyonunua hiyo! Mwenye hiyo mashine alikuwa ameifunga na kadi ya RX 580 ambayo peke yake inaweza kula wati 185, bado prosesa, bado feni, bado diski.

Saplai ya namna hiyo ukiishika tu mkononi unaijua, nyepesi, nyaya nyembamba, na kwa nyuma ina kale kaswichi kekundu ka 115 na 230. Mtoto akikachezea kakahamia 115 halafu ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, unasikia mlio na moshi juu. Saplai nyingi za siku hizi zilizotengenezwa vizuri hazina hiyo swichi, zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 zenyewe, na hilo kwetu ni jambo kubwa kwa sababu jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko umeme unashuka, taa zinafifia, yenyewe inaendelea na kazi.

Halafu kuhusu ile alama ya 80 Plus kwenye saplai. Bronze, Gold na wenzake wanakwambia umeme kiasi gani unapotea kama joto, basi. Hazikwambii kama ndani kuna ulinzi wa maana dhidi ya shoti au umeme kuzidi. Ipo Bronze nzuri sana na ipo Gold ya kawaida, kwa hiyo soma watu walioifungua wanasema nini. Mteja akija na bajeti ndogo namwambia wazi bora tushushe kadi daraja moja tuchukue saplai ya uhakika, kadi utaapgredi mwakani, saplai mbovu ikifa inaondoka na mazabodi na kadi kwa pamoja.

Mama Studio, Moshi

Asante mleta mada, sisi wa video huwa tunapewa ushauri wa watu wa gemu halafu tunateseka. Mimi nashuti harusi, sendofu na kichen pati, naedit mwenyewe kwa Premiere. Kamera zangu ni Sony A7 IV na narekodi H.265 ya 10-bit 4:2:2 (aina ya video inayotunza rangi nyingi) kwa sababu ya rangi, shela nyeupe kwenye jua la saa nane inahitaji nafasi ya kurekebisha bila picha kuchanika.

Sasa hiyo 4:2:2 ndo kila kitu. Nilipokuwa nakusanya hela kila mtu aliniambia weka hela yote kwenye kadi ya NVIDIA. Nikakaa na wenzangu wa kazi hii nikauliza taimlaini zao zinakwendaje, nikagundua jambo ambalo kwenye duka hakuna aliyenitajia. Kadi za NVIDIA kabla ya RTX za mfululizo wa 50 zilizotoka 2025 hazina sehemu ya kufungua H.265 ya 4:2:2, mzigo wote unarudi kwa prosesa na video inakatakata. Lakini grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 na cha 12 inaifungua bila shida, wanaiita Quick Sync. Kwa hiyo prosesa ya kawaida tu ya i5-12400 inacheza video ambayo mashine ya bei mara tatu inakwama.

Ila shika herufi. i5-12400F haina grafiki ndani, ile F maana yake imeondolewa, na dukani F ndo zimejaa kwa sababu ni rahisi kidogo na wachezaji gemu hawaihitaji. Muuzaji alinisukumia F mara mbili tatu, "dada ni kitu kilekile". Si kitu kilekile kwa kazi yangu. Nikasubiri isiyo na F. Nikafunga na GB 32 za RAM vipande viwili, NVMe (diski ya kasi) moja ya programu na nyingine ya video ninazofanyia kazi, diski ya kawaida kubwa kwa ajili ya kutunza. Kadi ya grafiki nikaongeza baadaye sana, na unapoongeza uingie bayosi uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa, mazabodi nyingi zinaizima zenyewe zikiona kadi.

Wanaofikiria kizazi cha 13 na 14 za i5 zenye K mpaka i9, hakikisheni bayosi ni mpya. Zile zilikuwa na tatizo la kupandisha volti kupita kiasi mpaka chipu inachakaa na mashine inaanza kukrash ovyo, Intel wakatoa marekebisho 2024 na kuongeza waranti miaka miwili. Cha 12 hakimo kwenye hilo.

Kijana wa Luthuli, Nairobi

Mazee si wote tuko na pesa ya kuanza zero. Mimi nilichukua Dell OptiPlex 7060 ile ndogo, ex-UK (iliyotumika Uingereza), i5-8500, nikajenga juu yake. Nilichagua kizazi cha 8 kwa makusudi, Windows 11 inakubali Intel kuanzia hapo, na Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 2025. Shida ya hizi mashine za ofisi ni kwamba saplai na mazabodi ni za kwao wenyewe, huwezi toa ukaweka ya kawaida, na hiyo yangu ni wati 200 tu bila waya wa kadi. So kadi lazima ikule kwa sloti peke yake, mwisho wati 75, na iwe fupi. Nikapata kadi ya GTX 1650 low profile, yaani ile fupi. FIFA inaenda poa, GTA inaenda poa, sina malalamiko bana. Lakini pima kesi na rula kwanza, kuna kadi zinauzwa fupi na ni nene, zinagonga pawa saplai.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Nikienda Dubai huwa napita Bur Dubai, mtaa wa kompyuta pale Khalid bin Al Waleed, na ndugu wananiagizia kadi za kutumika. Nawapa ninavyofanya. Kadi nyingi zimetoka kwenye machimbo ya Ethereum (kuchimba sarafu ya kidijitali), yalipokoma Septemba 2022 zikamwagika sokoni. Si zote mbaya, ila nataka ichomekwe mbele yangu, feni zizunguke bila kukwaruza, na nafungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi. Kuna GTX 1050 Ti bandia, ndani ni chipu ya kale imebadilishwa bayosi ijitaje jina jipya, GPU-Z inaziandika waziwazi kwamba ni feki. RX 580 nayo ipo ya 2048SP, hiyo kwa ndani nguvu yake ni ya 570, basi lipa bei ya 570. Muuzaji akikataa kuchomeka, namuaga kwa salama.

Pwani Raha, Tanga

Naongeza la kesi. Huku karibu na bahari chumvi na unyevu vinakula chuma, na vumbi la kiangazi usiseme. Kioo mbele kinapendeza lakini feni zinakosa pumzi, chukua yenye wavu mbele na chujio unaloweza kulichomoa ukaliosha. Feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, hewa ya ndani ikizidi kidogo vumbi haliingii kwenye matundu mengine.

Mgeni Kabisa, Mbeya

Wakuu mimi nina Ryzen 5 5600G bila kadi, nataka RAM, naona bei zimepanda vibaya. Nichukue kipande kimoja cha GB 16 halafu niongeze baadaye?

Mchora Ramani, Dodoma

Kaka bei zimepanda kweli, tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vinapeleka memori kwenye mashine za AI, hata Micron walitangaza Desemba kwamba wanaachana na Crucial. Lakini kwa 5600G usichukue kipande kimoja. Grafiki yako iko ndani ya prosesa na inakopa RAM hiyohiyo, ikiwa kimoja inapita njia moja na gemu zinashuka sana. Tafuta GB 8 mbili za DDR4 3200, hata za mkononi, zichomeke sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, halafu uingie bayosi uwashe XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili), la sivyo zinaweza kwenda kwa 2133 au 2400 na usijue.

Mgeni Kabisa, Mbeya

Shukrani mkuu. Na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) je, huku umeme unakatika sana?

Fundi Mkongwe, Mwanza

Chukua, ila muulize muuzaji kama inatoa wimbi safi. Zile za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazingazi, saplai nyingine nzuri hazipatani nalo, umeme ukikatika PC inazima hapohapo. Ukienda kuinunua beba PC yako, wachomoe UPS ukutani mashine ikiwa inacheza gemu, uone.