Hija ya Kilema: tumelipia Njia ya Msalaba, tumepelekwa kwenye maporomoko

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Kuna waandaaji wa safari hapa Arusha (jina siliweki, viongozi wa jumuiya wanawajua vizuri) wanaokusanya hela za waamini kwa jina la hija, halafu njiani wanawafanya abiria wa kupakia na kushusha. Ijumaa moja ya Kwaresima hii walitupeleka parokia ya Kilema, kule Kilimanjaro, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Tangazo lao lilikuwa wazi: kuondoka saa kumi na moja alfajiri, misa, maungamo, Njia ya Msalaba, kuheshimu masalia ya Msalaba, chakula cha mchana, jioni nyumbani. Kila mtu na siti yake. Shilingi 45,000. Wamama wa jumuiya yetu wanaouza mboga walidunduliza hiyo hela tangu Krismasi.

Alfajiri wazee wamejaa kituoni na khanga zao, baridi ile ya Arusha mnaijua. Coaster imekuja saa mbili kasoro, hakuna aliyesema samahani. Usa River ikasimama kupakia watu wanaoshuka Moshi, Boma Ng'ombe tena vivyo hivyo. Ndoo zikapangwa katikati, watu wakakalishwa juu yake, na tukikaribia trafiki konda anawaamuru wainame. Tukaomba muziki upunguzwe tusali rozari. Jibu: redio ni ya gari.

Misa ikatupita. Tulipoanza kupanda mlima baada ya Himo klachi ikanuka, na kipande cha mwisho dereva akatushusha tutembee. Bibi yangu ana miaka 78 na anatembelea mkongojo. Masika imeanza, njia inateleza. Walioshika mikono yake ni vijana wa palepale Kilema, Mungu awabariki, wala hawakuomba kitu. Na niseme mapema, parokia haina kosa hata moja katika haya. Padre alitukuta tumechoka, akaketi kuungamisha wakati alikuwa ameshamaliza kazi yake.

Sasa mtu anayepeleka watu Kilema ajue anawapeleka wapi. Mwaka 1890 Askofu de Courmont, Padre Le Roy na Padre Gommenginger walitoka pwani kwa miguu mpaka Kilimanjaro, na kwa Mangi Fumba, chifu wa Kilema, ndipo misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya mlima huu ilipoanzia. Imani ya mababu zetu wengi Uchagani, na wengine waliohamia Arusha, imepitia hapo. Ndani ya kanisa kuna kipande kidogo kinachoheshimiwa kama masalia ya Msalaba wa Bwana. Mzee anayejua hatarudi tena maishani anataka apige magoti pale, akae, alie kama ana la kulia. Hicho ndicho alicholipia.

Tulianza Njia ya Msalaba wenyewe, maana kiongozi waliyetuahidi hakuwepo. Vituo ni 14. Tumefika cha sita, Veronika anapangusa uso wa Yesu, honi ikaanza. Honi, ndugu zangu, nje ya kanisa, mfululizo! Mwandaaji akaingia na kofia kichwani kutuambia tunachelewa. Tunachelewa nini? Maporomoko ya Kinukamori, Marangu. Hayakuwa kwenye tangazo, na kiingilio kila mtu ajilipie. Kumbe kwenye gari kulikuwa na wateja wengine waliouziwa safari ya matembezi, ndio waliokuwa wanasubiriwa. Vituo vinane vikabaki. Mbele ya masalia bibi hakupata hata muda wa kumaliza Baba Yetu.

Chakula sasa. Ijumaa ya Kwaresima, mahujaji wa Kikatoliki, wanafungua masufuria: wali na nyama ya ng'ombe. Hakuna maharage, hakuna hata mchicha. Nilipouliza nikaambiwa Mungu anaangalia moyo, na wazee hawabanwi. Si kweli. Kufunga ndiko kunakoishia mtu anapotimiza miaka 59. Kuacha nyama kunambana kila aliyetimiza miaka 14, na hakuna umri wa kuachia. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa, asome. Wamama wale wakala wali mkavu, wakanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakowapa hawa watu kiburi.

Nilipiga simu kesho yake nikitaka kurudishiwa sehemu ya hela. Nikaambiwa gari lilifika Kilema na kurudi, kwa hiyo huduma imetolewa. Nimewasilisha barua kwa mwenyekiti wa jumuiya iende kwa paroko wetu, na wenzangu wengi wameisaini. Tunataka waliokalishwa kwenye ndoo warudishiwe hela yote, na sisi wengine nusu. Pia tunataka tangazo la safari yoyote lisisomwe kanisani kabla halmashauri ya walei haijajua gari gani, dereva nani, na misa saa ngapi.

Watu hao hao wameshaanza kupokea hela za safari ya Septemba 14, Kutukuka kwa Msalaba. Kama umeshatuma, dai risiti yenye jina na muda wa kuondoka leo hii. Na kama uliwahi kusafiri nao yakakukuta kama yetu, andika hapa chini, tuambatanishe kwenye barua.