Lancha ya gemu inasoma mafaili yasiyoihusu, ni kawaida au napelelezwa?

Kibuyu_Wazi
Wakuu habari za muda huu, naomba msaada kwa wenye uelewa. Nina lancha moja ya gemu (ile programu ya kampuni ya kununulia na kuwashia gemu), jina naliweka pembeni kwanza nisije nikaisingizia kampuni kitu ambacho sijakithibitisha. Niliiweka kwa sababu gemu niliyoitaka haiuzwi kwingine na bila hiyo lancha haiwaki hata kama unacheza peke yako. Sasa nikawa naona feni inanguruma wakati sijafungua gemu yoyote, kucheki lancha ipo nyuma huko inachapa kazi. Nikadaunlodi Process Monitor, programu inayoonyesha kila faili linaloguswa kwenye mashine, nikaichuja ionyeshe hiyo prosesi (programu ikiwa inafanya kazi) peke yake, aisee nikaishiwa nguvu. Mistari haiishi. Imeulizia lancha ya kampuni nyingine imekaa wapi, imepita folda za programu ambazo hata hazihusiani na gemu, naona na kitu kama folda ya brauza, na kila baada ya muda inagusa mafaili ya programu zilizowaka, kama vile inaorodhesha prosesi zote zinazofanya kazi kwenye mashine.

Hii mashine ndiyo hiyo hiyo ya kazi. Kuna mikataba ya watu, skani za vitambulisho, na paswedi karibu zote zimehifadhiwa kwenye brauza. Ninachotaka kujua ni hivi, kuona hiyo mistari ina maana vitu vyangu vinatumwa kwao? Na nifanyeje bila kutupa gemu nilizolipia? Tafadhali mtu asiniambie nisome masharti, nimeyasoma, yanasema watakusanya "taarifa za kifaa na programu" halafu basi, hapo kunaingia kila kitu.

SinaNoma
Mkuu kama huna cha kuficha unaogopa nini? Simu yako inajua umelala saa ngapi lakini unalia na lancha. Cheza gemu bwana.

MzeeWaRejista
@SinaNoma mwenzio kasema ana mikataba ya watu, siri si zake peke yake. Tuendelee.

Mkuu Kibuyu, kwanza usipaniki, Process Monitor inatisha sana ukiiona mara ya kwanza kwa sababu inaonyesha kila pumzi ya programu. Ukiona CreateFile usidhani imetengeneza faili, hapo ni kufungua tu, na mara nyingi hata kufungua haijafungua, angalia safu ya matokeo utakuta NAME NOT FOUND tele, yaani iliulizia kitu ikaambiwa hakipo. QueryDirectory ni kuorodhesha majina ya vilivyomo ndani ya folda. Kinachokuhusu wewe ni ReadFile, hapo ndipo inasoma kilichomo. Kwa hiyo weka filta ibakize ReadFile tu halafu uone mistari mingapi imebaki.

La pili hiyo folda ya brauza. Lancha nyingi za siku hizi, ya Steam na ya Epic zimo, duka lao unaloliona ni ukurasa wa wavuti, ndani yake wamepachika injini ya Chromium, ile ile iliyo ndani ya Chrome. Sasa hiyo injini inatengeneza folda zake zenye majina yale yale, Cache, Cookies, Local Storage, ukipita haraka unaona Chrome yako imevamiwa kumbe lancha inasoma vitu vyake. Soma njia nzima ya faili mpaka mwisho. Ikiwa iko chini ya folda ya lancha yenyewe, potezea. Ikiwa ni Google\Chrome\User Data na faili linaitwa Login Data, hapo sasa rudi hapa tuongee vizuri.

Kuorodhesha prosesi nako kuna sababu ya kawaida, lancha inataka kujua gemu imewaka au imezimwa ili ihesabu saa na izuie apdeti katikati ya mchezo. Kuulizia lancha nyingine iko wapi, hapo ndipo mimi naanza kukunja uso. Mwaka 2019 Epic walikamatwa kwa njia hii hii yako, mtu alikaa na Process Monitor akaona lancha yao inafungua faili la Steam linaloitwa localconfig.vdf na kutengeneza nakala yake, na humo kuna orodha ya marafiki na historia ya kucheza. Wenyewe walijitetea kwamba hakuna kilichotumwa mpaka mtumiaji akubali kuingiza marafiki zake wa Steam, na hata hapo zinaenda namba za marafiki zikiwa zimefanyiwa hashi (zimegeuzwa msimbo usiosomeka). Sawa, lakini kwa nini nakala itengenezwe kabla mtu hajakubali? Tim Sweeney mwenyewe, bosi wa Epic, alikiri watu wana haki kulalamika, faili lilipaswa kuguswa baada ya ruhusa tu, akasema ni masalia ya haraka haraka za mwanzo za gemu yao ya Fortnite. Valve nao, wenye Steam, wakasema yale ni mafaili binafsi ya mtumiaji, hayakuwekwa pale yatumiwe na programu nyingine.

Ila jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kwenye Windows programu yoyote ya kawaida ya mezani uliyoifungua ina macho yako wewe. Chochote ambacho akaunti yako inaweza kufungua, nayo inaweza, haihitaji kukuomba tena. Kikokotoo unachodaunlodi leo kina uwezo huo huo. Fundi bomba umemfungulia nyumba nzima, kinachomzuia asipekue kabati ni adabu yake tu.

Mlenga_Shabaha
Naomba nitetee upande wa pili maana kila uzi wa hivi unaishia kwenye kampuni ni mashetani. Mimi nacheza gemu za ushindani. Bila kitu kinachoangalia mashine za watu, gemu inakufa, unaingia mechi unakuta mtu anakupiga risasi ya kichwa kupitia ukuta. Mwaka 2014 ilizuka kelele kwamba Valve wanasoma historia ya kuvinjari ya watu kupitia VAC, mfumo wao wa kukamata wanaodanganya kwenye gemu, mpaka bosi wao Gabe Newell akaingia Reddit kujibu mwenyewe. Ilivyokuwa ni kwamba kuna chiti (programu za kudanganya kwenye gemu) za kulipia, na watengenezaji wake walikuwa wameziwekea ulinzi wao wasiibiwe, chiti ikiwaka inapiga hodi kwenye seva yao kuhakiki kama umelipa. (Yaani mwizi anaogopa kuibiwa.) VAC ikishahisi chiti ipo kwenye mashine inaangalia kashe ya DNS (kumbukumbu ya majina ya seva ambayo mashine imeyaulizia) kama hiyo seva imewahi kuulizwa, ikikuta inatuma hashi ya hilo jina tu. Walinaswa watu 570. Historia ya kuvinjari haikutumwa. Na Newell akasema kitu cha maana, kwamba wauza chiti wanafaidika sana watu wakiacha kuiamini mifumo inayowakamata.

Kwa hiyo kabla hujasema unapelelezwa jiulize inatafuta nini.

PuliziaVumbi
@Mlenga_Shabaha mfano wako ni mzuri lakini umechagua ule mpole kuliko yote. Hiyo VAC haiingii kwenye kerneli, kiini cha Windows chenye mamlaka yote. Njoo kwenye hizi zinazoweka draiva, yaani kipande cha programu kinachokaa humo kwenye kerneli. Vanguard, programu ya kuzuia chiti ya kampuni ya Riot, ilipokuja na gemu ya Valorant mwaka 2020 inawaka pamoja na mashine, kabla hata hujafikiria kucheza, na ukiizima huchezi mpaka uristati. Mwaka 2024 wakaipeleka na kwenye League of Legends ambayo watu walikuwa wameicheza miaka na miaka bila hiyo kitu. Mimi sisemi Riot wanaiba, sina ushahidi huo na wala sihitaji kuwa nao. Ninachosema ni kwamba kitu kikishakaa kwenye kerneli kinaona kila kitu na Windows haina tena jinsi ya kukikatalia, sasa hapo nia nzuri inakusaidia nini kama kodi (msimbo wa programu) ina tundu?

Na matundu tumeyaona. 2016 Capcom walitoa apdeti ya Street Fighter V yenye draiva ya kuzuia chiti, ikagundulika programu yoyote ya kawaida kwenye mashine inaweza kuitumia ile draiva kuendesha kodi yake ndani ya kerneli, wakairudisha nyuma mbio mbio. 2022 kampuni ya usalama ya Trend Micro walieleza jinsi wahalifu wa virusi vya kuteka mafaili walivyotumia draiva ya Genshin Impact, mhyprot2.sys, kuua antivirasi. Na hapo mwathirika hakuhitaji kuwa na gemu, wahalifu walikuja na draiva yao mkononi, Windows ikaipokea kwa sababu ilikuwa na saini halali.

Halafu kuna ile ya ESEA ya 2013 ambayo haikuwa hata tundu. Programu ya kuzuia chiti, watu wanailipia kila mwezi, mfanyakazi akaingiza humo kodi ya kuchimba Bitcoin, kompyuta kama 14,000 zikawa zinachimba wenyewe hawajui, kesi ikaishia kwa mwanasheria mkuu wa New Jersey na makubaliano ya dola milioni 1. Feni zikinguruma usiku ujue ni mtu anatengeneza hela.

Kibuyu_Wazi
Daah asanteni sana. Nimeweka filta kama alivyoelekeza Mzee. Mistari imepungua sana, na lile la brauza kumbe ni folda ya lancha yenyewe, Chrome haijaguswa. Lakini faili la ile lancha nyingine kweli imelisoma, ReadFile kabisa, na mimi sijawahi kubonyeza kuingiza marafiki wala kuunganisha akaunti. Sasa nikitengeneza akaunti nyingine ya Windows kwa ajili ya gemu tu, inasaidia?

MzeeWaRejista
Inasaidia kiasi, na ni hatua ya bure kwa hiyo ifanye. Tengeneza akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, lancha uiwashe humo tu, folda zako za Documents na Desktop za akaunti ya kazi hazitafunguka kutoka huko. Ila usijidanganye kwamba umefunga kila mlango, lancha nyingi ukiziinstoli zinaweka na sevisi (programu ya nyuma isiyo na dirisha) inayofanya kazi kama SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, na hiyo ina mamlaka kuliko wewe mwenyewe. Fungua services.msc uone ipo na inawaka lini. Kwenye Task Manager nako izuie lancha kuwaka na mashine, hakuna sababu ya kuwa macho wakati huchezi. Mafaili ya kazi yanayokuuma weka kwenye kontena iliyosimbwa (faili moja linalofungwa kwa paswedi), VeraCrypt inatosha, na usiifungue wakati lancha inafanya kazi. Paswedi zitoe kwenye brauza upeleke kwenye programu ya paswedi yenye neno lake kuu, hili fanya leo hata kama lancha ingekuwa malaika.

Kama una diski ya pili njia safi ni Windows mbili, moja ya gemu, moja ya kazi, na ile ya kazi iwekewe BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski nzima. Ukiwa upande wa gemu diski ya kazi inaonekana uchafu tu bila ufunguo. Inachosha kuristati kila mara, najua. Ukishaanza kuchezea gemu zenye draiva za kerneli utaona haichoshi. Na tangu 2024 Steam wanawalazimisha watengenezaji waandike kwenye ukurasa wa gemu kama ina anti-chiti ya kerneli, hivyo angalia kabla hujanunua. Duka la GOG wao wanakupa kabisa faili la kuinstoli lisilohitaji lancha, ukipata gemu huko nunua huko.

BintiTelemetri
Nawasoma kaka zangu mmekomaa na mafaili ya kwenye diski, lakini kubwa zaidi linapita mbele ya macho yenu na mmelipatia ruhusa. Lancha haihitaji kufungua folda yako kujua wewe ni nani. Inajua umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umekwama hatua gani, una kadi gani ya picha, umekaa muda gani dukani unaangalia kitu bila kununua. Mimi niliomba kampuni moja nakala ya data zangu, sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, inawapa mwezi mmoja kujibu na kampuni kadhaa zimeacha hiyo fomu wazi kwa watu wote, nikaletewa faili lina kila mara niliyowahi kuwasha gemu na anwani za IP zote. Ukilisoma unaona mpaka wiki niliyokuwa mgonjwa.

Na Aprili 2025 noyb, shirika la kutetea faragha la mwanasheria Max Schrems, waliwashtaki kampuni ya gemu ya Ubisoft kwenye mamlaka ya data ya Austria kwa jambo hilo hilo, mtu anacheza Far Cry Primal peke yake, hakuna mchezaji mwingine, lakini gemu inalazimisha intaneti, na ndani ya dakika 10 iliunganisha na seva za nje mara 150. Hapo hakuna chiti wa kumkamata, @Mlenga_Shabaha.

Mlenga_Shabaha
Hapo umenipata dada. Gemu ya mtu mmoja sina utetezi.

Kibuyu_Wazi
Nimeelewa. Sevisi ipo kweli na ni SYSTEM, nimeiweka iwake kwa mkono tu. Nataka niwaandikie kampuni niwaulize lile faili wamelisoma kwa ruhusa gani, niwabandikie na logi yenyewe hapa ili na wengine waone?

MzeeWaRejista
Waandikie ndiyo, ihifadhi kama PML (faili la Process Monitor lenyewe) halafu wape tarehe, saa na toleo la lancha, bila hivyo watakujibu kwa yale majibu ya kunakili. Ila hapa usiibandike nzima mkuu. Hiyo logi ina jina la akaunti yako na majina ya mafaili yako ya kazi, utakuwa umetupatia sisi hivyo hivyo vitu unavyowakatalia wao. Toa mistari ya lile faili moja tu, futa jina lako kwenye njia, ndiyo uweke.